Futa, Usisome

Jumatatu, 3 Juni

Waraka umefika. Karatasi mbili, muhuri mmoja. Kuanzia leo namba ya utambulisho ya askari mstaafu haitaandikwa tena kwenye jalada, bahasha, kadi ya kliniki, chupa ya dawa wala orodha ya ukutani. Haitaitwa kwa sauti ukumbini. Hakuna ofisi itakayoruhusiwa kutoa habari za mtu kwa sababu tu mwingine ameitaja. Kila mstaafu atapewa namba ya jalada, ambayo nje ya jengo hili haina maana yoyote. Na ile ya zamani ifutwe kila ilipo. Kila ilipo! Aliyeandika hivyo hajawahi kuingia masjala.

Mkuu alitusomea akiwa amesimama. Nimemzidi miaka kumi na tano hivi, ananiita Mama, mimi namwita Mkuu, tunakwenda hivyohivyo. Alisema majalada ya nchi nzima yataletwa hapa kwa maboksi. Wafutaji ni wawili, mimi na mwalimu mmoja mstaafu aliyepewa mkataba wa miezi mitatu. Tumekabidhiwa makapeni nyeusi kumi na mbili, kalamu nene za wino, na sharti limebandikwa juu ya meza yetu: FUTA, USISOME.

Jioni nilimsimulia Dada. Akauliza hiyo ni habari nzuri au mbaya. Nikasema ni kazi. Akaendelea kushona kola yake.

Sikumwambia nilichowaza waraka ulipokuwa ukisomwa. Niliwaza kwamba wamechelewa miaka sita. Halafu nikaenda kunawa.

Jumanne, 4 Juni

Kazi yenyewe: fungua ukurasa, tafuta namba, piga mstari mara mbili, geuza uone kama inaonekana kwa nyuma. Ikionekana, piga na huko. Halafu saini pembeni, chini. Ukurasa usio na saini ya mfutaji unahesabiwa haujafutwa, na jalada zima linarudi mwanzo. Mkuu amechukua mfano wa saini zetu kwenye kadi ili mtu asije akasaini vingine.

Mwalimu amekuja na koti, na rula yake mwenyewe. Anapiga mstari kwa rula! Mimi nimemaliza majalada tisa, yeye moja na nusu. Nilimwambia kwa mwendo huo tutazikwa na haya maboksi. Akanijibu kwamba alisahihisha insha mia na ishirini kila wiki kwa miaka thelathini na hakuna hata moja aliyoisahihisha ovyo, kwa hiyo nimwache. Nikamwacha.

Nimekunywa chai mezani. Imenuka wino.

Alhamisi, 6 Juni

Koplo amekuja. Huja kila Alhamisi kuchukua dawa za presha, mzee wa miaka karibu themanini, viatu vinang'aa kuliko uso wangu. Yule binti wa kaunta, tunamwita Dirisha la Pili naye anaitika, alimwomba namba mpya ya jalada. Koplo hana. Barua ya kumpa namba hiyo ameiacha kwake. Basi akapiga mguu chini, akakaza shingo, akaitamka ile ya zamani tarakimu moja moja, sauti ikafika mpaka masjala. Na huko kwenye mabenchi wazee watatu wakaitikia kwa pamoja: "Yupo!"

Nilicheka. Kidogo, lakini nilicheka.

Dirisha la Pili alikuja kuniuliza, Anti, wale wazee wamepatwa na nini. Nikamweleza. Jeshini, kwenye paredi ya asubuhi, tulikuwa tunaitwa kwa namba, si kwa jina. Aliyelala, aliyetoroka, aliye chooni, jirani yake wa mstari alimwitikia. Yupo. Ndiyo maana kila mmoja wetu anabeba kichwani namba tatu: yake, ya jirani wa kushoto na ya jirani wa kulia. Hazitoki hata ufanyeje. Baadaye serikali ikaona kwa nini ijisumbue, ikazichukua namba zilezile zikawa za kila kitu. Benki, hospitali, nyumba, simu. Zikawekwa hata kwenye kidirisha cha bahasha, tarishi akazijua zote.

Akasema ni kitu kizuri, kuitikiana. Nikasema ndiyo.

Amebandika karatasi kwenye kioo chake: TAFADHALI USITAJE NAMBA YAKO.

Ijumaa, 7 Juni

Niandike, maana hakuna atakayesoma.

Jirani yangu wa kulia alikuwa Yule. Jina lake siliandiki, na namba zetu siziandiki. Tuliandikishwa jeshini asubuhi moja, mimi mbele kwenye foleni, yeye nyuma yangu. Kwa hiyo namba yake ni yangu ongeza moja. Hahitaji hata kuikumbuka yangu. Akitoa moja kwenye yake, amenipata.

Wote wawili tulikuwa watu wa redio. Miaka kumi na sita meza moja, na kati yake miaka kumi na moja ya ndoa. Alianza kunipiga mwaka wa pili. Sina la kuongeza hapo.

Nikaondoka. Nilihamia mji wa viwanda, nikapanga chumba, nikapata kazi ya kupokea simu. Nilikopanga alijua mtu mmoja tu duniani, Dada. Nilikaa miezi minane. Nilianza hata kununua maua ya plastiki. Jumapili moja nikafungua mlango, amesimama na mfuko wa machungwa, anatabasamu, viatu amevifuta. Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto havikunjiki tangu siku ile.

Nani alimwambia? Aliyejua ni mmoja. Nilimpigia Dada simu nikiwa hospitali, nikamtolea maneno ambayo hata hapa siyaandiki. Hatukusemezana miaka miwili. Halafu siku moja alikuja na cherehani yake kwenye gari la mizigo, akasema kodi imepanda kule, akaingia. Sasa ni mwaka wa nne tunaishi pamoja. Lile jambo hatujaligusa. Tunalipita kila siku kama kabati lililokaa vibaya.

Majalada yanakuja kwa mpangilio wa namba. Nimepiga hesabu. Langu liko boksi la arobaini na nne. Lake linafuata langu.

Leo tumemaliza boksi la nane.

Jumatano, 12 Juni

Boksi la kumi na tisa. Mkono unauma. Mwalimu ameongeza mwendo, sasa anafika majalada manne kwa siku. Nilimpongeza. Hakuipenda pongezi.

Jumanne, 18 Juni

Wakaguzi wa kwanza wamekuja. Hili nalo liko kwenye waraka, ukurasa wa pili: jalada likishafutwa, mwenyewe anaandikiwa barua, na akitaka ana haki ya kuja kuhakikisha kwa macho. Anakaa kwenye meza ndefu ya ukumbini pamoja na mtu aliyemfutia. Wanafungua ukurasa mmoja mmoja, anaona alama nyeusi, anaona saini, mwisho wanasaini wote wawili. Lazima awe mfutaji mwenyewe, hakuna kutuma mtu. Mkuu anasema hapo ndipo uaminifu unapojengwa.

Nilikaa na mama mmoja aliyekuwa muuguzi wa jeshi. Kurasa mia na kumi na mbili. Hakuruka hata moja. Mwishoni akauliza kama wino huu unaweza kuoshwa. Nikasema hauoshwi. Akaniambia kwamba alishafunguliwa laini tatu za simu asizozijua, kwa namba iliyosomwa kwenye chupa yake ya vidonge. Alisema hivyo kama anayetaja hali ya hewa. Nikamwelewa vizuri sana.

Halafu Koplo. Alilala ukurasa wa kumi. Nikamgeuzia zilizobaki peke yangu, nikamwamsha asaini.

Jumapili, 23 Juni

Nimefua. Zimekauka. Nimezikunja.

Dada ameniuliza nina nini. Nikamwambia sina kitu, na kweli nikijitafuta sikipati. Kesho ni boksi la arobaini na nne.

Jumatatu, 24 Juni

Boksi la arobaini na nne tumelifungua.

Langu lilikuwa la tano kutoka mbele. Mtu haruhusiwi kujifutia mwenyewe, kwa hiyo nilimsogezea Mwalimu. Alilitazama jina, akanitazama mimi, akachukua rula. Kurasa sitini na moja. Humo ndani mna kila kitu, mna na karatasi ya hospitali inayoeleza mkono wangu ulivyoumia. Lilimchukua asubuhi nzima. Alipolirudisha akasema, "Sijasoma."

Sikuwa nimemuuliza. Baadaye alinimiminia chai bila kuombwa, yeye ambaye hata kikombe chake huniachia nimwoshee.

La Yule lilibaki mbele yangu. Ningeweza kulisogeza nalo upande wa pili wa meza. Ni sentimita sitini tu. Lakini ningepaswa kusema kwa nini, na tangu nianze kazi hapa sijamwambia mtu. Halafu, niseme ukweli, nilitaka kuona.

Kurasa arobaini na sita. Wa kwanza, anwani yake ya sasa. Mbali, karibu siku nzima kwa basi. Wa kumi na mbili, mtu wa karibu wa kuarifiwa: jina langu, namba yangu. Bado! Nikapiga mstari.

Wa thelathini na nane ni karatasi ya printa, imekunjwa mara mbili. FUTA, USISOME. Nimesoma.

Mwombaji: mume. Sababu: kumtafuta mke. Namba iliyotajwa: yangu. Muda wa kufika dirishani: saa nne na dakika kumi na mbili. Muda wa kuhudumiwa: saa nne na dakika ishirini. Chini yake mtaa, nyumba, chumba. Chumba changu cha mji wa viwanda, nilichopangishwa kwa namba hiyohiyo. Tarehe ni ya Alhamisi, siku kumi kabla ya ile Jumapili. Na kwenye kisanduku cha maoni karani ameandika kwa mkono: ameridhika.

Dakika nane.

Nilipiga mstari kwenye namba. Anwani nikaiacha, kwa sababu waraka unasema namba tu. Nikasaini. Nikageuza. Nikamaliza jalada, nikachukua linalofuata, la mpishi mmoja wa kikosi cha mizinga. Saa za kazi zilikuwa bado hazijaisha.

Dada hakusema. Dada hakumwambia mtu yeyote.

Bado sijaongea naye. Anakoroma chumba cha pili.

Jumanne, 25 Juni

Nimemwambia.

Alikuwa kwenye cherehani, sare za shule, mashati thelathini ya kumaliza kabla ya Ijumaa. Nilisimama mlangoni mkoba ukiwa bado begani. Nikamwambia nimeona karatasi kazini. Siruhusiwi kutaja ni ya nani, lakini anwani yangu ya kule ilitolewa dirishani, kwa kutaja namba tu. Tarehe ipo, saa ipo.

"Dada, si wewe uliyemwambia," nikasema.

Hakusimamisha mguu. Alimaliza mshono, akakata uzi, akatoa pini mdomoni moja moja akazichoma kwenye kimto chake.

"Mimi nilikuwa najua," akasema. "Miaka sita nakungoja na wewe ujue."

Nikamwomba msamaha. Akasema alishanisamehe siku ile alipopakia cherehani kwenye gari, ila alitaka niombe, na sasa nimeomba, basi nikae chini nimsaidie vifungo. Nimeshona vinne. Kwa mkono huu wangu ni shughuli. Vyote vimekaa upande, amevifumua mbele yangu bila hata kuona haya.

Nilitegemea nitalia. Sikulia. Naona aibu tu, aibu nzito, hata mabega yanauma. Nilimnyima dada yangu miaka miwili kwa sababu ya karani aliyetaka foleni iende haraka. Nikimwaza huyo karani, hasira haiji. Pengine alikuwa na njaa. Pengine ilikuwa karibu na mapumziko ya chai.

Wakati wa kulala Dada ameuliza kama sasa hivi najua Yule anakaa wapi. Nikasema najua, nimesoma. Akasema nisimtajie, asije akaropoka.

Tulicheka wote wawili.

Alhamisi, 4 Julai

Barua za boksi la arobaini na nne zimetoka kwa Mkuu zikiwa zimeshasainiwa. Mwalimu anakunja, mimi natia kwenye bahasha. Bahasha mpya, hazina namba popote. Ya Yule ilipita mikononi mwangu. Jalada lako limefutwa namba. Una haki ya kufika na kuhakikisha.

Ningeweza kuidondosha nyuma ya kabati. Barua hupotea kila siku, hakuna anayeuliza. Niliishika kwa muda. Lakini haki ile ni ya wote, na yeye yumo, na kama nikianza kuchagua nani apewe na nani anyimwe nitakuwa kama yule karani wa dakika nane. Inaniuma, lakini ndiyo hivyo. Nikaibandika.

Ilikwenda na gari la saa tisa.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo nilipokumbuka saini. Nilisimama katikati ya njia, mwenye baiskeli akanitukana. Saini yangu ni ileile ya kitabu cha redio. Tulisaini kila ujumbe uliotoka na kila ulioingia, na yeye amekaa kando ya mkono wangu miaka kumi na sita. Kwenye jalada lake iko mara arobaini na sita. Akifungua ukurasa wa kwanza tu, amejua ninakofanya kazi, na mfutaji anayepaswa kukaa naye mezani ni mimi.

Dada anasema hatakuja. Atapanda basi siku nzima aje kutazama alama nyeusi? Mtu gani huyo.

Jumatatu, 8 Julai

Boksi la sabini na mbili. Mvua. Hakuna aliyekuja kukagua.

Ijumaa, 12 Julai

Wamekuja wawili, wote wa boksi la arobaini na nne. Barua zimeshafika, basi. Mmoja alikuwa wa Mwalimu, wakakaa saa tatu wakibishana kuhusu rula. Wa kwangu alikuwa yule mpishi wa mizinga. Alisaini haraka, akasema yeye alitaka tu kuona kama bado ana jalada.

Kila mlango wa ukumbini ukigonga ninainua kichwa. Ndani yangu hakuna kinachoruka. Kichwa kinainuka chenyewe, basi.

Nimewaza kumwambia Mkuu. Mkuu ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini kila anachoambiwa anakiandika. Angejaza fomu ya tukio: jina langu, jina lake, uhusiano, sababu, nakala makao makuu, nakala kwenye jalada langu, nakala kwenye lake. Kwenye lake! Nimenyamaza.

Jumapili, 14 Julai

Dada amependekeza tuhame. Ameshaanza kuuliza vyumba. Nilimwambia kwamba hii ni mara ya tatu, na cherehani yake inazidi kuwa nzito. Akasema cherehani haihusiki. Nikasema nimechoka. Sikusema kwa hasira. Nimechoka tu.

Tumekubaliana tusubiri mwisho wa mwezi.

Alhamisi, 18 Julai

Naandika nikiwa masjala, saa tisa na robo, nyuma ya rafu. Mikono haina kazi ndiyo maana naandika.

Saa nane na nusu Dirisha la Pili ameleta karatasi ya kuomba jalada. Siku hizi karatasi haina jina, ina namba ya jalada peke yake, ndivyo waraka ulivyotaka. Lakini lile la Yule nililiandikia namba mpya kwa mkono wangu mwenyewe, sikuhitaji jina. Nilimuuliza ni nani. Akasema, Anti, si haturuhusiwi kutaja? Halafu akanong'ona kwamba ni mzee mmoja mstaarabu sana, ametoka mbali, amempisha Koplo kiti.

Nilichungulia kwenye tundu la kupitishia majalada. Ni yeye. Mvi zimejaa. Amekaa wima, bahasha yetu juu ya magoti, kofia juu ya bahasha. Koplo anamsimulia kitu naye anatikisa kichwa kwa adabu. Watu humpenda. Mimi pia nilimpenda, foleni ile ya kwanza, alinishikia begi.

Dirisha la Pili alikuwa bado yuko mlangoni. Akasema kuna jambo jingine. Mzee ameuliza kama na jalada linalotangulia lake limeshafutwa, na mwenyewe yuko wilaya gani siku hizi. Akaitaja na namba, kwa upole tu, kama mtu anayekumbuka rafiki wa zamani.

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nimemwambia hairuhusiwi. Nikamwonyesha karatasi yangu kwenye kioo. Akasema sawa, atasubiri mfutaji wake aje, huenda yeye anajua."

Nikamwambia ahsante. Nilitamani kumshika mkono, sikumshika. Akaenda.

Nilikaa. Nikafungua jalada. Saini yangu, saini yangu, saini yangu. Mlango wa masjala ni mmoja na unatokea ukumbini, mbele ya mabenchi. Sikuwa na wazo lolote. Kisha nikaona mkono wangu umeshika makapeni na unafuta. Si namba, namba zilishafutwa. Unafuta saini. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilijua kwamba ukurasa usio na saini unarudi mwanzo, na kwamba nikikutwa kazi hii sina. Nikaendelea mpaka wa arobaini na sita. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya hapa bila kugeuza kuangalia nyuma ya karatasi.

Nilipoinua kichwa Mwalimu alikuwa ameacha kufuta. Alikuwa ananitazama, sijui tangu saa ngapi. Nikasubiri anikaripie. Mtu aliyepiga mistari ya rula kwa wiki sita, ambaye Jumatatu iliyopita alinirudishia jalada kwa sababu saini yangu moja iligusa maandishi.

Alinyoosha mkono, akalivuta jalada upande wake wa meza. Akatoa kalamu mfukoni mwa koti.

"Huyu nimemfutia mimi," akasema. "Nitakaa naye mimi."

Nilimwambia hajui ni nani. Akasema mwezi uliopita alisema uongo mmoja, kwamba hajasoma, kwa hiyo huu ni wa pili tu. Hakunitazama alipokuwa akisema hivyo, na mimi sikumtazama. Nililia kidogo. Nimeshangaa, machozi yalikuwa ya moto.

Sasa anasaini. Kando ya kila alama yangu nyeusi anaweka saini yake ndefu ya kizamani, yenye mkia, na hawezi kuharakisha hata umuue. Yuko ukurasa wa thelathini na moja. Huko ukumbini namsikia Yule anacheka na Mkuu, kicheko kilekile, na Mkuu anamwambia radhi, mzee wangu, sijui wamekwama wapi huko ndani.

Thelathini na mbili.

Viatu vya Mkuu vinakuja. Amegonga. Mwalimu hajainua kichwa, amesema bado, tunahakiki. Mkuu amegonga tena na kitasa kinazunguka.